Kocha wa Mji wa Ukungu

Sanduku nililofanyia kazi mwaka ule lilikuwa la plaiwudi, na ukubwa wake haukuzidi kabati la nguo. Ndani nilikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, magoti yakigusa mbao, maikrofoni mkononi, taulo shingoni. Mbele yangu kulikuwa na tundu la ukubwa wa daftari ambamo nilichungulia skrini. Nje ya sanduku kulikuwa na banda la mabati lenye viti vya mabenchi, madirisha yamezibwa kwa nailoni nyeusi ili mwanga wa alasiri usiingie. Nje ya banda ulikuwa mtaa wa Buzebazeba, na jua la saa tisa.

Mlango ulifungwa kwa nje. Filamu ikianza, mlinda mlango alishusha komeo na kutia kufuli, ili wasiolipa wasipenye, na mtu asitoke kujisaidia akarudi na rafiki zake watatu. Aliyebanwa aligonga bati, akafunguliwa, akarudi, akafungiwa tena. Mara ya kwanza niliposikia kufuli lile likilia nilitaka kuruka. Mimi ni mtu ambaye sijawahi kukaa mji mmoja zaidi ya miezi mitatu bila miguu kuniwasha.

Nilifika Kigoma kwa treni nikitaka kuvuka ziwa. Meli niliyoitegemea ilikuwa matengenezoni. Wakaniambia wiki moja, halafu wakaacha kuniambia chochote. Nikawa nashinda kwenye kibanda cha chai kule Gungu nikiwasimulia madereva wa bodaboda filamu nilizowahi kuona huku na kule, nikiigiza sauti zote. Siku moja mama mmoja mwenye sauti nzito, mfanyabiashara wa dagaa aliyekuja kununua maandazi, alisimama akasikiliza hadi mwisho.

"Wewe unajua Kiingereza?" akaniuliza.

"Najua," nikasema.

Niliacha shule darasa la sita. Kiingereza changu nilikiokota kwenye makopo ya dawa, kwenye mabango ya hoteli na kwa watangazaji wa mpira. Lakini nilikuwa na njaa, na neno lilishatoka.

Mama yule watu walimwita Bi Mkubwa. Alikuwa mzaliwa wa Ujiji, na alikuwa na mitumbwi miwili ya dagaa pamoja na lile banda la video. Mtafsiri wake, au dijei kama watu walivyomwita, alikuwa amehama. Kazi yangu ilikuwa kuiba sauti ya filamu na kuweka yangu: nishushe Kiingereza, nipandishe Kiswahili, watazamaji waelewe nani anampenda nani na nani atakufa. Watazamaji wengi walikuwa wavuvi. Walirudi kutoka ziwani alfajiri, wakalala asubuhi, na saa tisa walikuja kwetu kupoteza muda kabla ya kushuka tena majini jioni.

Filamu za ngumi hazikunisumbua, kwani ngumi haihitaji tafsiri. Shida ilianza Bi Mkubwa alipoleta flashi yenye tamthilia ya sehemu kumi. Ilikuwa ya upelelezi, London ya zamani, enzi za malkia wao yule aliyetawala hadi akazeeka kitini. Mitaa ya mawe, farasi, ukungu mzito kama moshi wa kukaushia samaki, na mtu aliyepita na ngazi akiwasha taa moja moja. Katika sehemu ya kwanza tajiri mmoja alikutwa amekufa chumbani kwake, mlango ukiwa umefungwa kwa ndani. Mpelelezi alikuwa mtu mfupi mnene, mwenye kikohozi, aliyeshika kila kitu kwa leso.

Niliipenda sana. Nilitaka kujua ule ukungu ulitoka wapi, na kama wale farasi walilala mjini au walirudishwa shamba. Mzee mmoja mshona nyavu aliniambia kwamba enzi hizo hizo Ujiji nayo ilikuwa mji mkubwa wenye soko na misafara, watu wakiuawa humu vichochoroni pia, ila hakuna aliyekuja kupeleleza kwa leso. Nilitamani niione sehemu ya pili usiku uleule. Bi Mkubwa hakuruhusu. Flashi aliifunga kwenye pindo la kanga, akaja nayo kila siku saa tisa kasoro, akaichomeka mwenyewe, ikiisha akaichomoa. Aliogopa nitainakili niwauzie wapinzani wake wenye banda la video kule Gungu.

Kwa hiyo niliitazama kwa mara ya kwanza pamoja na watazamaji, nikiwaeleza kitu ambacho mimi mwenyewe nilikuwa nakiona sekunde ileile, kwa lugha nisiyoijua. Nilibahatisha. Mwanamke aliyelia nilimfanya mke wa marehemu. Mwenye miwani nilimfanya daktari. Nikishasema, imekuwa, kesho siwezi kurudi nyuma.

Ndipo katika sehemu ya pili mpelelezi akatoka nje kwenye ukungu, akainua fimbo, akapaza sauti. Nilisikia neno kama "kochi". Kochi ninalolijua mimi ni la sebuleni, na pale barabarani hapakuwa na kochi. Likaja gari la farasi, juu yake ameketi mtu mrefu mwenye kofia kama bomba na mjeledi mkononi. Nikafikiri haraka. Kwenye mpira nilikuwa nimelisikia neno lile mara elfu.

"Huyu anaitwa Kocha," nikatangaza. "Ndiye kocha wa farasi."

Banda zima likalipuka kwa kicheko, na sikuelewa kwa nini hadi niliposikia mtu akipiga bati kuelekea mlangoni.

"Kocha! Kocha weee! Kumbe una farasi Ulaya!"

Kwa sababu mlinda mlango wetu naye aliitwa Kocha. Alikuwa mtu wa miaka arobaini hivi, filimbi shingoni, aliyefundisha timu ya vijana ya mtaa kila jioni baada ya kufungua banda. Jina lake halisi wengi hawakulijua. Sauti yake ikatujibu kutoka nje, na ile lafudhi yake ya Kirundi:

"Ego, ninao! Na mmoja mkaidi nimempa jina la mama mkwe wako!"

Wakacheka tena. Kuanzia hapo kila yule mtu wa kofia alipotokea, wavuvi walimshangilia. "Kocha, leo mechi na nani?" "Kocha, mfanyie sabu huyo farasi wa kushoto, amechoka!" Idadi ya watazamaji ikaongezeka. Nami sikulirekebisha neno, maana lilikuwa limetuletea furaha, na maana sikujua ningelirekebisha kuwa nini.

Siku hizo ilikuwa mbalamwezi, iliyoanza kidogo kabla ya tamthilia. Mwezi ukiwa mkubwa taa haziwavuti dagaa, hivyo mitumbwi hupumzika kwa zaidi ya wiki. Bi Mkubwa alikuwa na betri nne za kuwashia taa zake, na wakati wa mapumziko zilihifadhiwa katika stoo ndogo nyuma ya banda. Kufuli la stoo na kufuli la mlango yalifunguliwa kwa funguo za shada moja. Shada moja alikuwa nalo Bi Mkubwa, jingine alikuwa nalo Kocha.

Giza liliporudi wavuvi walikwenda kuchukua betri. Wakakuta moja.

Kocha aliulizwa, akasema hajui. Nilisikia habari hiyo mchana, nikiwa nakunywa chai, nikasikitika kama mtu anavyosikitika kwa jambo lisilomhusu. Saa tisa nikaingia kwenye sanduku langu. Ilikuwa sehemu ya saba. Kulikuwa na joto ambalo lilinifanya nione nyota, na sehemu ile ilikuwa ya maneno matupu, watu wamekaa kwenye viti wanazungumza, nami nilikuwa nimeishiwa mambo ya kubuni. Watazamaji walianza kupiga miayo. Kisha yule wa kofia akaonyeshwa yuko peke yake uani, anaosha gurudumu kwa ndoo, maji yanatiririka meusi. Kamera ikashuka hadi kiunoni pake. Palining'inia shada la funguo.

Nikaona nimeokoka.

"Ndugu watazamaji!" nikapaza sauti. "Macho yenu yalikuwa wapi siku zote? Mlango ulifungwa, na mwenye funguo ni nani? Ni Kocha! Kocha ndiye!"

Halafu kutoka nyuma, nahodha wa mtumbwi mkubwa wa Bi Mkubwa, mtu mwenye mabega mapana na maneno mengi, akasema taratibu:

"Hata huku."

Walicheka. Lakini kicheko kile kilikatika kabla ya wakati wake, nami ndani ya sanduku nikasikia mabenchi yakilia, watu wakigeuka kutazama mlango uliofungwa.

Kesho yake hakuna aliyemtania Kocha. Walimpa kiingilio bila kumtazama. Jioni, kati ya vijana wake ishirini, walikuja mazoezini sita. Muuza sambusa aliniambia kwa uhakika kabisa kwamba mtu akishika funguo muda mrefu roho yake hubadilika, akanikumbusha kwamba mimi mwenyewe nilisema. Nikamwambia nilisema kuhusu filamu. Akaniambia, "Haya, na filamu wametunga bure?"

Bi Mkubwa alitangaza mbele ya watu: tamthilia inaisha Ijumaa, kama betri hazijarudi, Jumamosi asubuhi anakwenda kituoni.

Alhamisi asubuhi Kocha alikuja chumbani kwangu. Nilikuwa nimepanga chumba cha uani chenye dirisha dogo lisilofunguka. Aliketi kitandani, akashika filimbi yake kana kwamba inaweza kudondoka.

"Amahoro, kaka."

"Salama. Karibu."

"Umeamua kuniua?"

"Kocha, mimi nilikuwa nasema yule wa kwenye picha."

"Najua. Na wao wanasema wa hapa mlangoni. Jina ni moja." Akaigeuza filimbi. "Unajua nilivyoingia nchi hii?"

Sikujua. Akanieleza kwa kifupi, kama mtu aliyeeleza mara nyingi kwenye madirisha ya ofisi. Alivuka mpaka akiwa mgongoni mwa mama yake. Hawakukaa kambini, walipokewa na watu kijijini, wakalima, wakazika wazazi wao hapo. Watoto wake wamezaliwa hapa. Karatasi zake yeye zilikuwa zinashughulikiwa tangu alipokuwa kijana.

"Wakinishika kwa betri," akasema, "hawataniuliza habari za betri. Wataniuliza nilizaliwa wapi."

"Basi ondoka kwanza. Nenda hata Simbo, upumzike siku mbili tatu."

"Nikiondoka, nimeiba."

Nikafanya kosa la kumuuliza. "Lakini hukuchukua?"

Akaiachia filimbi, akaniangalia. "Hata wewe, sha?"

Niliona aibu. Sikuwa na cha kumpa ila maji ya kunywa. Hakuyanywa.

"Wewe una maikrofoni," akasema. "Niondoe. Sema muuaji ni mwingine. Sema ni yule daktari. Wakiamini wa kwenye picha hakuua, labda watanitazama vizuri hadi betri zionekane."

"Je, kama picha inaonyesha ni yeye?"

"Si unajua Kiingereza? Umesikia maneno yao. Ni yeye au si yeye?"

Ningemwambia pale. Mlango ulikuwa umefungwa, tulikuwa wawili tu. Nikasema, "Bado hawajasema wazi."

Mchana huo nilimfuata Bi Mkubwa nikamwomba flashi, japo nusu saa.

"Ya nini?"

"Nitazame mwisho mapema, Mama, nitafsiri vizuri."

"Mtu anayejua lugha anatazama mwisho wa nini? Unataka kuipeleka Gungu." Akakaza fundo la kanga.

Katika sehemu ya tisa nilijaribu. Nilimchafua daktari kadiri nilivyoweza. Nikampa madeni ya kamari, nikampa hawara, nikampa chupa ya sumu ambayo mtu yeyote mwenye macho aliona ni chupa ya wino. Wakaanza kuzomea.

"Dijei, usitubadilishie!"

"Funguo tumeziona wenyewe!"

"Amehongwa huyo. Leo asubuhi Kocha alikuwa chumbani kwake."

Yaani hata hilo walikuwa wanalijua. Usiku sikupata usingizi. Nilihesabu njia za kutoka Kigoma: treni ilikuwa hadi wiki ijayo, basi la alfajiri lilikuwepo. Niliufunga mkoba wangu. Kulipokucha niliufungua tena, nikatoa taulo, kwa sababu kila nilipofikiria basi lile nilimwona Kocha akishusha komeo kwenye banda ambalo ndani yake hakuna wa kusema lolote, wala uongo.

Ijumaa watu walijaa hadi wakakaa chini. Bi Mkubwa mwenyewe alikuja kutazama mwisho, akawekewa kiti cha plastiki mbele. Kocha alifunga mlango. Nikasikia kufuli.

Mpelelezi aliwakusanya watu wote sebuleni, akakohoa, akazungumza kwa dakika nyingi mno. Nikawa nasema: Kocha ni mtu mwema, Kocha ameonewa, tazameni daktari anavyotoka jasho. Ndipo mlango wa sebule ukafunguliwa, wakaingia polisi wawili wenye kofia ndefu. Wakampita daktari. Wakampita mjane. Wakamshika yule wa mjeledi.

Banda likanguruma. Picha ikakatika, na iliporudi ilikuwa asubuhi ya ukungu, kuna ngazi za mbao, na yule mtu anapandishwa ngazi mikono imefungwa nyuma, bila kofia. Bila kofia alionekana mdogo, na mwenye upara. Juu kulikuwa na kamba.

Nahodha alisimama juu ya benchi, akapiga bati kwa kiganja, mara mbili, tatu. "Kocha! Unasikia huko nje? Umekwisha! Wanakunyonga huku!"

Wengine wakaanza kupiga nao. Banda lote la mabati likawa ngoma. Mimi nilikuwa bado na maikrofoni mdomoni. Niliwaza yule mtu aliye upande wa pili wa bati, amesimama juani na ufunguo mkononi, anasikiliza.

Nikaizima filamu. Waya ulipita karibu na mguu wangu, niliuvuta. Skrini ikawa nyeusi, banda likawa jeusi, na spika zangu zikabaki na uhai kwa sababu zilitumia waya mwingine.

"Sijui Kiingereza," nikasema.

Sauti yangu ilirudi kwangu kubwa kuliko nilivyotaka.

"Sijui. Niliacha shule darasa la sita. Yule si Kocha. Wala hakuna anayemwita hivyo. Nilisikia neno nikalikosea, nadhani maana yake ni lile gari la farasi, na yeye ni dereva wake tu. Kama ameua, sijui. Kama wamemwonea, sijui. Sijaelewa hata sehemu moja tangu tuanze."

Nilingoja chupa zirushwe. Badala yake mwanamke mmoja akauliza gizani, kwa masikitiko ya kweli: "Na yule mke wa marehemu je?"

"Anaweza kuwa mke. Anaweza kuwa dada yake."

"Astaghfirullah! Wiki mbili namlilia mjane, kumbe dada wa mtu!"

Mtu akacheka, mwingine akatukana, kukawa na kelele za kila aina. Sauti ya nahodha ndiyo iliyopanda juu ya zote.

"Kiingereza hujui, sawa. Lakini betri hazipo. Hilo halitaki tafsiri. Twendeni, jua linashuka, leo giza zuri." Akaenda mlangoni akagonga. "Fungua!"

Komeo halikusogea. Akagonga tena.

"Fungua, wewe!"

"Oya," sauti ya Kocha ikasema kutoka nje. Ilikuwa tulivu, na karibu sana, kama ameegemea bati. "Kaeni kwanza."

Hapo ndipo nilipojua banda lile lilivyokuwa dogo. Watu walikuwa wengi kuliko hewa. Nilitoka kwenye sanduku, nikajikuta nimebanwa kati ya sanduku na mgongo wa mvuvi aliyenuka mafuta na dagaa. Wengine wakaanza kusukuma mlango. Ulikuwa wa chuma na ulifungukia ndani. Wengine wakamwomba. Wengine wakamtisha.

"Ninyi mna haraka," Kocha akasema. "Mimi sina. Jumamosi yangu mnaijua."

Bi Mkubwa akainuka. Nilisikia kiti chake. "Nina ufunguo wangu," akasema kwa ukali.

"Uko upande gani wa mlango, Mama?"

Nje bodaboda ilipita, ikapotea.

"Nina swali moja," Kocha akasema. "Kila siku mmeniuliza funguo zangu zilikuwa wapi siku zile kumi za mbalamwezi. Nimewajibu. Za kwako, Mama, zilikuwa wapi?"

"Zangu nakaa nazo mimi."

"Siku zote kumi?"

Nikasikia Bi Mkubwa akivuta pumzi, kama mtu aliyekanyaga kitu kwa miguu mitupu.

"Nilimpa nahodha siku moja," akasema. "Achukue nyavu akazishone."

"Nyavu," nahodha akasema haraka. "Nilichukua nyavu. Wote wameona nyavu."

Katika giza lile hakuna aliyeweza kumwona mwenzake uso, na nadhani ndiyo maana yule mwingine aliweza kusema. Ilikuwa sauti ya mmoja wa mabaharia wake, mtu mzima ambaye sikuwahi kumsikia akizungumza.

"Na zile taa za Simbo?"

"Nyamaza."

"Si tulipeleka betri kwenye harusi ya shemeji yako? Tukawasha na muziki?"

"Nimesema nyamaza!"

"Mimi nataka kutoka, bwana. Nina mtoto mgonjwa nyumbani. Zilikufa zote tatu, Mama. Akasema atazipeleka kwa fundi, zikipona atazirudisha, tusiseme."

Watu walisogea mbali na nahodha, ingawa pale pa kusogea hapakuwepo. Hakukana. Alisema tu, kwa sauti iliyopungua, "Nilitaka kuzirudisha. Sikuwa wa kwanza kumtaja Kocha. Dijei ndiye aliyemtaja."

Na hilo lilikuwa kweli.

"Fungua sasa," Bi Mkubwa akasema.

"Sema, Mama."

"Niseme nini?"

"Sijui. Wewe sema."

Mwanamke yule hakuwa na mazoea ya kukiri makosa. "Hukuchukua," akasema.

"Walio nyuma hawajasikia."

"Kocha hakuchukua!" akapiga kelele, na bati likaitikia.

Kufuli likalia. Mwanga uliingia kama maji, tukafunika macho. Wavuvi walitoka mbio kuelekea ziwani, wakimpita Kocha kulia na kushoto kama watu wanaokwepa shimo. Mmoja tu alimgusa bega. Kocha alimpa Bi Mkubwa kufuli pamoja na funguo, vyote kwa mikono miwili, kwa adabu, akakataa kuvipokea tena alipomrudishia. Mimi nilitoka mwisho.

"Ungesema jana," akaniambia. "Tulikuwa wawili tu."

Nikalikunja taulo langu, nikaondoka.

Nilidhani mambo yameisha. Lakini Jumapili nahodha, aliyefukuzwa mtumbwini, alikuwa ameshaanza kusema vijiweni kwamba mtu asiye na karatasi amewafungia raia ndani ya banda, na kwamba mahali pa kulisemea hilo anapajua. Kocha alisikia, akanijia tena. Safari hii hakuketi.

"Nataka kwenda mwenyewe, kabla hajaenda yeye. Nisindikize. Usiseme kitu, keti tu."

Jumatatu asubuhi tulikwenda ofisi ya uhamiaji. Niliketi kwenye benchi la nje tangu saa mbili hadi saa sita, nikitazama mlango alioingilia. Kila ulipofunguka alitoka mtu mwingine. Nilijikuta nikitunga kinachosemwa ndani, nikajizuia.

Alipotoka hakuwa amefungwa pingu, wala hakuwa na karatasi. Walimwambia arudi Alhamisi na wenyeji wawili, wenye nyumba zao, waliomfahamu kwa zaidi ya miaka kumi. Mmoja angekuwa mzee mshona nyavu. Hakuwa na wasiwasi naye.

"Na wa pili?" nikauliza. Mimi nilikuwa mtu wa miezi michache, sikufaa hata kwa mzaha.

Alianza kutembea, nami nikamfuata, tukashuka hadi ufukweni. Bi Mkubwa alikuwa ameinama juu ya kichanja, anatandaza dagaa kwa viganja, akiwatenga waliovunjika. Tulisimama nyuma yake.

"Shikamoo, Mama," Kocha akasema.

"Marahaba." Hakugeuka.

Kocha akamweleza. Ofisi gani, watu wangapi, miaka mingapi. Alisema yote bila kuomba, kama anasoma tangazo. Neno "shahidi" alilisema mara mbili.

Bi Mkubwa aliendelea kutandaza. Alimaliza kichanja kile, akahamia cha pili, akatandaza nusu yake. Kunguru alitua, akamfukuza kwa ukingo wa kanga. Nilianza kumwangalia Kocha nikitafuta namna ya kumwambia twende zetu.

"Alhamisi," Bi Mkubwa akasema, bado ameinama. "Saa ngapi?"